Moyo wa Grinch: Kitabu cha 1957 na Katuni ya 2018

Mara nyingi watahiniwa huulizwa, "Ni nini kilichomfanya mhusika fulani kuwa mwovu?" Swali hili huonekana jepesi. Hata hivyo, jibu lake hutegemea mwandishi ametupa nini, si sisi tunataka nini. Katika makala haya tutatumia hadithi ya watoto ya Krismasi, How the Grinch Stole Christmas!, iliyoandikwa na Mmarekani Theodor Geisel, maarufu kwa lakabu Dr. Seuss, mwaka wa 1957.

Kisa ni kifupi. Grinch anaishi pangoni mlimani pamoja na mbwa wake, Max. Anauchukia mno furaha na makelele ya Krismasi katika mji wa Whoville. Usiku wa mkesha anajivika mavazi ya Baba Krismasi, anateremka mjini na kuiba zawadi, vyakula na hata miti ya mapambo. Kulipopambazuka anatega sikio asikie vilio. Badala yake anasikia watu wakiimba. Hicho ndicho kinaya kikuu cha hadithi.

Kwa nini Grinch ana chuki? Kitabuni msimulizi anabahatisha tu: labda ni viatu vinavyombana, lakini yaelekea sababu ni moyo wake, ulio mdogo kupita kiasi. Basi! Hatuambiwi alizaliwa wapi wala nani alimkosea. Moyo huo ni chuku na ni ishara pia, na unapopanuka mwishoni msomaji haombi maelezo ya daktari.

Katuni ya televisheni ya mwaka wa 1966, ya takriban nusu saa, haikutoka mbali na kitabu. Filamu ya katuni ya kampuni ya Illumination ya mwaka wa 2018 ni ya karibu saa moja u nusu, na muda huo lazima ujazwe. Kwa kutumia mbinu rejeshi, watunzi wanatuonyesha Grinch akiwa yatima mpweke, akiwatazama wenzake wakisherehekea. Cindy-Lou, ambaye kitabuni ni mtoto mdogo mno anayetokea mara moja tu, sasa ni msichana mwenye mpango: anataka kumnasa Baba Krismasi amwombe amsaidie mamake, anayelea watoto peke yake na kufanya kazi usiku.

Hapa dhamira imehama. Kitabu kinakejeli Krismasi ya madukani. Filamu inazungumzia upweke. Kwa maoni yangu, filamu imepata huruma na kupoteza ukali. Mwovu asiye na sababu hututia wasiwasi zaidi, kwa kuwa hatuwezi kumtupia mtu mwingine lawama.

Mwalimu mwenzangu atakubali kwamba tatizo hili tunalo darasani. Wanafunzi hutazama riwaya teule ikiigizwa jukwaani, kisha kwenye mtihani wanaandika tukio lililobuniwa na waigizaji. Hoja ni nzuri, lugha ni safi, alama hakuna.

Jaribu swali hili: "Grinch anastahili kuhurumiwa. Jadili." Anayejibu kutokana na filamu atataja uyatima. Anayejibu kutokana na kitabu hana ruhusa ya kuutaja. Itambidi ashike pango, umbali wake na mji, na ule moyo mdogo, na aone hoja hizo zitamfikisha wapi.