Mbwa wa ulinzi naye iko na nguo yake ya kazi

Ndugu wachimbaji, bamama na watoto wa nyumbani, leo tusemezane juu ya mfanyakazi mumoja ambaye hasaini kontra na hapokei mushahara: mbwa wa ulinzi. Ku carrière, ku depo na mu parcelle zetu, yeye njo anatembea usiku kucha. Mulinzi iko na koti, buti na kofia. Mbwa je? Wengine hawamuvalishi kitu. Wengine wanamuvalisha kitu kibaya, na hiyo njo hatari zaidi.

Tuanze na baridi. Lubumbashi na Kolwezi ziko juu, kupita metre 1.000. Mwezi wa 6 na wa 7, usiku inaweza kushuka chini ya digri 10. Mbele ya kununua koti, angalia manyoya. Berger allemand iko na manyoya ya tabaka mbili: amezaliwa na koti lake. Lakini mbwa wa manyoya mafupi, kama boerboel na wengi wa mbwa wetu wa mtaa, pamoja na mbwa muzee na mutoto wa mbwa, hao wanasikia baridi mbio. Angalia na kazi yake. Mbwa anayetembea anajipasha moto mwenyewe. Yule amefungwa ku barrière mupaka asubuhi njo anatetemeka.

Kipimo ni tatu: shingo, kifua nyuma ya miguu ya mbele, na mugongo kutoka shingo mupaka mwanzo wa mukia. Koti likishavaliwa, vidole viwili viingie bila kulazimisha. Kwapa zisisuguliwe, na dume aweze kukojoa bila kulowesha nguo. Fundi wa cherehani wa mtaa anaweza kulikata mu koti la mvua la zamani. Likilowa mupaka ndani, livue na umupanguse mbwa: nguo yenye maji inaleta baridi kuliko kukosa nguo.

Halafu joto. Mwezi wa 10 jua letu munalijua. Mbwa hatoki jasho kama sisi, ni kidogo tu ku nyayo. Joto lake linatoka kwa kuhema, mdomo wazi. Kawaida mwili wake uko na digri 38 mupaka 39. Ikifika 41, maisha yake iko mu hatari. Kwa hiyo mchana, koti zito na gilet nene zibaki ndani. Hata kifunga-mdomo uchague kile cha kama kitunga, ambacho mbwa anaweza kufungua mdomo ndani yake na kunywa maji. Kile cha kitambaa kinachobana kinamuzuia kuhema, na kinaweza kumuua. Ukiona anahema kwa nguvu, anatoa mate mingi na kuyumbayumba, mupeleke mu kivuli, umumwangie maji, umupe ya kunywa kidogo kidogo, kisha umuite muganga wa wanyama.

Nyayo. Weka mugongo wa mukono wako chini kwa sekunde 7. Ukishindwa kuvumilia, naye anaungua. Kama lazima atembee, au kuna mawe makali, viatu vya mbwa vyenye soli ya mpira vinasaidia. Umuzoeshe kwanza nyumbani, dakika chache kila siku, na umuvue akipumzika. Lakini kwenye asidi ya usine viatu havitoshi: kitambaa kinainywa na kuikamatisha ku ngozi. Mbwa asipite pale. Akikanyaga, vaa glavu, umuvue viatu, umusafishe na maji mingi, kwa muda murefu.

Usiku, mukanda unaong'aa ku kifua na ku mbavu ni wa lazima. Barabara ya Likasi–Kolwezi na ile ya Kasumbalesa zimejaa malori, na dereva haoni mbwa mweusi mu vumbi.

Bamama, hili ni lenu pia. Mbwa anajilamba, na watoto wanamukumbatia. Vumbi la shaba na kobalti likibaki mu koti lake, linaingia nyumbani. Mupanguse inje, mu kitambaa chenye maji. Nguo yake ifuliwe peke yake, mbali na za watoto, sawa vile tunafanya kwa salopette ya baba.

Nani analipa? Mbwa wa parcelle, ni mwenyewe. Mbwa wa kampuni, ni kampuni, hata kama walinzi ni wa sous-traitance. Na pale musidanganyike. Code du travail, Sheria nambari 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamupa mwajiri jukumu la kulinda afya na usalama wa mufanyakazi. Kuna mahali mbwa iko na gilet mupya na yule anayemuongoza iko na koti lenye matundu. Kuna mahali ni kinyume. Ukienda kwa délégué syndical, usiandike kimoja. Andika vyote viwili: koti la mutu, buti zake na glavu, kisha koti la mbwa, kifunga-mdomo, maji na kivuli. Wanatembea njia moja, usiku mumoja.