Omani, Nchi Isiyo na Mto

Sisi wa Mbesa, kusini mwa Tanzania, mvua zikishaanza Desemba hatuulizani zitakatika lini. Mwaka ukiwa mzuri hukaribia milimita 1,000. Maskati, mji mkuu wa Omani, hupata kama 100 tu, na mara nyingine karibu zote humwagika kwa siku mbili tatu, zikajaza makorongo makavu na kusomba magari, kisha basi hadi mwakani. Nchi yenyewe ni kama theluthi moja ya Tanzania, na haina mto hata mmoja unaotiririka mwaka mzima. Ukifika huko lugha isikutie hofu: familia nyingi zilizoondoka Unguja na Pemba baada ya Mapinduzi ya 1964, zikapokewa na Sultani Qaboos aliyeshika utawala mwaka 1970, bado zinaongea Kiswahili nyumbani.

Wazee wa Omani waliishi kwa falaji, mfereji unaochimbwa chini ya ardhi kutoka miguuni mwa mlima hadi kijijini, maji yakiteremka yenyewe bila pampu. Falaji zinazofanya kazi hadi leo ni kama 3,000, na tano kati yake UNESCO iliziingiza katika urithi wa dunia mwaka 2006. Mimi kilichonivutia si uchimbaji, ni foleni. Maji yakitokeza kijijini, kwanza ni mahali pa kuteka ya kunywa. Chini kidogo ni pa kuoga na kutawadha, kisha pa kuoshea maiti, ndipo yafike kwenye mitende, na mwisho bustani za msimu. Zamu ya kila mwenye shamba huhesabiwa kwa athari, yaani nusu saa: mchana kwa kivuli, usiku kwa nyota.

Leo Maskati wanakunywa maji ya bahari yaliyotolewa chumvi. Kiwanda cha Ghubra kilianza 1976. Maji ya namna hiyo ni ghali mno kutumika mara moja. Kwa hiyo yale ya jikoni, bafuni na chooni hupelekwa kwa mabomba kwenye mitambo kama ule wa Al Ansab. Takataka huchujwa, hewa hupulizwa ndani ili bakteria wale uchafu, kisha maji hupenyezwa kwenye utando wenye vitundu vidogo hata bakteria wenyewe hukwama, na mwisho hutiwa klorini. Tope linalobaki huozeshwa kuwa mboji, inayouzwa kwa jina la Kala. Pembeni ya mtambo kuna mabwawa yaliyojaa ndege wahamao, na watu huenda na darubini kuwatazama.

Barabarani magari ya maji hutambulika kwa rangi: la buluu ni ya kunywa, la kijani ni yaliyosafishwa ya kumwagilia, la manjano ni maji taka yenyewe. Usilifuate la manjano kwa karibu.

Na unajisi je? Wanazuoni wa Saudia walilijibu swali hilo mwaka 1978: maji hayo yakisafishwa hata rangi, ladha na harufu vikaondoka, ni twahara, unaweza kuyatawadhia, kuyanywa ni bora kuepuka kwa ajili ya afya. Kanuni za Omani za 1993 nazo zilitenga daraja mbili za maji hayo, kali zaidi ikiwa ya mboga zinazoliwa mbichi. Windhoek, kule Namibia, wanayanywa tangu 1968, Omani hawajataka.

Kazi bora kuliko zote ya maji haya iko Salala, kusini mwa Omani. Visima vya pwani vilikuwa vinaingiwa na chumvi kwa kuvutwa kupita kiasi, basi tangu 2003 maji yaliyosafishwa husukumwa ardhini kwa visima maalumu, yakawa ukuta wa kuizuia bahari. Kwa upande wa Maskati, sehemu kubwa ya maji hayo huishia kwenye majani na maua ya kando ya barabara. Yanapendeza, sikatai. Lakini mwendo mfupi tu kutoka hapo, kwenye pwani ya Batina, mitende inakauka kwa chumvi hiyohiyo, na kwa hesabu ya falaji mtende hutangulia ua.