Miaka Sabini, Kifungo Ishirini

Ukitoka Morogoro kwenda Iringa, barabara kuu inaipasua Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi. Abiria huinuka vitini kutazama twiga na nyati, kisha basi linaingia mji mdogo wa Mikumi na wachuuzi wanakimbilia madirishani. Hifadhi hiyo ilitangazwa mwaka 1964. Imepakana na vijiji vya Wilaya ya Kilosa, ambako nyamapori ilikuwa kitoweo muda mrefu kabla haijawa kesi. Wazee wanaoikumbuka enzi hiyo bado wapo.

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, ikisomwa pamoja na ile ya uhujumu uchumi, inaweza kumpeleka jela miaka isiyopungua 20 mtu aliyekutwa na nyara za serikali bila kibali. Na nyara si pembe za ndovu pekee. Nyama ya swala iliyo jikoni ni nyara, na ngozi ya chui iliyoachwa na marehemu babu ni nyara pia. Ofisa wanyamapori anapojaza hati ya tathmini hapimi kile kipande. Anaandika thamani ya mnyama mzima kwa dola, halafu anaibadili kuwa shilingi. Mtu asiye na hata nauli ya kurudi kijijini anasomewa shtaka la mamia ya maelfu, pengine mamilioni.

Kwa kuwa nyama inaoza, huteketezwa mapema kwa amri ya hakimu. Hapo ndipo kesi nyingi huanguka: Mahakama ya Rufani imeshawaachia watu kwa sababu hawakufikishwa mbele ya hakimu wakasikilizwa kabla kielelezo hakijateketezwa. Lakini hoja hiyo inamtaka mtu wa kuiona. Mzee asiyesoma wala kuwa na wakili ataijuaje?

Sheria zetu zinautambua umri, ila kwa kuchagua. Mwanamume aliyevuka miaka 45 hachapwi viboko kwa amri ya mahakama. Aliyetenda kosa akiwa chini ya miaka 18 hanyongwi. Lakini pale sheria ilipoweka kiwango cha chini cha kifungo, hakimu anaweza kusikiliza maombi yote ya mshtakiwa, maradhi yake, wajukuu anaowalea, na bado asiweze kushuka chini ya kiwango hicho. Kwa mtu wa miaka 70, miaka 20 ni kifungo cha maisha, hata kama hukumu haikuandikwa hivyo.

Wazee kukamatwa si jambo la kwetu tu. Huko Japani, zaidi ya mmoja kati ya kila watu watano wanaokamatwa na polisi ana miaka 65 au zaidi, na wengi wao wameiba vitu vidogo madukani, mara nyingi chakula. Sisi bado ni taifa la vijana. Sensa ya 2022 ilihesabu wenye miaka 60 na kuendelea kuwa asilimia 5.7 tu. Ufukara wa uzeeni, hata hivyo, tunao tayari. Kilosa ni wilaya ya mkonge na reli. Wapo waliokata mkonge ujana wao wote bila kiinua mgongo cha maana, na waliotumikia reli ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika mwaka 1977 walidai mafao yao kwa miongo.

Zanzibar, tangu Aprili 2016, humlipa pensheni kila mkazi aliyetimiza miaka 70: ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, sasa ni 50,000. Bara tuna Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 na ruzuku ya TASAF kwa kaya maskini, lakini pensheni kwa wazee wote hatuna.

Sitetei ujangili, anayeua tembo kwa biashara afungwe. Ila msamaha wa Rais mara nyingi huwataja wafungwa wa miaka 70 na zaidi, ingawa baadhi ya makosa hutengwa. Kama Ikulu inaweza kuuangalia umri baada ya hukumu, Bunge nalo limruhusu hakimu wa Kilosa auangalie kabla ya kuitoa.