Mgeni wa Krismasi Naye Apewe Jembe

Hivi majuzi, chama cha wanafunzi Wakristo katika chuo kimoja nchini kiliandaa karamu ya Krismasi kabla ya kufunga muhula. Pilau ilipakuliwa, nyimbo zikaimbwa. Mgeni wa heshima hakuwa askofu wala mbunge, bali mwanafunzi mkimbizi, binti aliyezaliwa katika kambi ya Kakuma, Turkana, baada ya wazazi wake kukimbia vita nchini Sudan.

Waandalizi wanastahili pongezi. Waama, yule anayeadhimishwa siku ya Krismasi naye alikuwa mkimbizi. Kwa mujibu wa Injili ya Mathayo, alitoroshwa usiku hadi Misri asiuawe na Herode. Kumwimbia mtoto huyo huku tukimpuuza mtoto wa Kakuma ni unafiki.

Hata hivyo, maswali aliyoulizwa mgeni yalinitia simanzi. Mmoja alitaka kujua kama aliwahi kushuhudia mauaji. Mwingine alistaajabia ufasaha wa Kiswahili chake. Binti akajibu kwa upole: "Nimefunzwa kwa mtaala wenu, nikafanya KCPE na KCSE kama ninyi. Vita sikuviona. Ninachokijua ni kuomba kibali kila nitakapo kutoka kambini."

Ukumbi ulinyamaza kimya.

Kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka wa 1992, mwaka mmoja baada ya ile ya kwanza ya Dadaab. Waliozaliwa humo mwanzoni sasa ni wazazi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu ilipita zamani, na mgeni mwenyewe analililia jembe hilo. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inatambua haki yake ya kufanya kazi, lakini kati ya sheria na kibali mkononi safari ingali ndefu.

Walimu na wanafunzi hawatoi vibali. Wanaweza, hata hivyo, kumwingiza mkimbizi katika kundi la masomo, kumwazima vitabu, kumwandikia barua ya kumpendekeza, na kumwalika kuzungumzia taaluma yake badala ya machozi yake.

Pilau ya Krismasi huliwa ikaisha siku hiyo hiyo. Muhula utakapofunguliwa, je, nani atamtengea binti yule kiti?