Kidonda Kisichouma: Utafiti Unasema Nini Kuhusu Mguu wa Mgonjwa wa Kisukari



Katika utume wetu wa Jumamosi, tunapotembelea wagonjwa kwenye jumuiya ndogondogo, kuna swali tunaloulizwa kuliko maswali yote ya teolojia: ni dawa gani inaponya kidonda cha kisukari? Anayeuliza huwa tayari ana majibu matatu. Jirani amemwambia asali. Shemeji amemletea unga wa mizizi kutoka soko la Kilombero. Hospitali wamempa tarehe ya kurudi kusafishwa kidonda. Na kila jibu lina shahidi wake: "Fulani alipaka hiyo, akapona."

Sisi ni wanafunzi wa falsafa, si waganga, na hatutamwandikia mtu dawa hapa. Lakini hayo maneno "alipaka, akapona" yanatuhusu. Katika somo la mantiki tulifundishwa kwamba jambo kufuata jingine hakuthibitishi kwamba limesababishwa nalo. Jogoo huwika, kisha jua huchomoza upande wa Kilimanjaro. Hakuna anayemshukuru jogoo. Kosa hilo likifanyika darasani tunapoteza alama. Likifanyika nyumbani kwa mgonjwa, mguu unaweza kukatwa.

Tuanze na kidonda chenyewe. Sukari ikikaa juu katika damu kwa miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, na inayotangulia kuumia ni ile mirefu inayofika miguuni. Mguu unakufa ganzi. Kwa wengine mishipa ya damu nayo inakuwa myembamba, hivyo nyama haipati chakula chake. Mtu mwenye ganzi anakanyaga msumari uliotoboa katambuga, anashinda nao shambani, na jioni anashangaa kuona damu. Katika baridi ya Juni na Julai huku chini ya Meru tunakaa tumeuzunguka moto. Yeye anasogeza miguu karibu zaidi na zaidi, na wa kwanza kugundua kwamba inaungua ni wengine. Huko Dar es Salaam, Dkt. Zulfiqarali Abbas na wenzake, waliotumia miaka mingi kuchunguza miguu ya wagonjwa wa kisukari, waliandika mwaka 2005 juu ya wagonjwa waliotafunwa na panya miguuni wakiwa usingizini, wasisikie lolote.

Habari hiyo ya panya ina ndugu yake wa zamani. Paul Brand, daktari wa upasuaji aliyezaliwa India kwa wazazi wamisionari, alianza kazi Vellore mwaka 1946 akiwatibu wenye ukoma. Wakati huo watu waliamini kwamba ukoma unaozesha vidole. Brand aliona sivyo: ukoma unaua hisia, na vidole vinapotea kwa majeraha ambayo mwenyewe hayasikii. Wapo waliokuwa wanaamka asubuhi wakakuta kidole kimepungua. Kumbe ni panya. Wagonjwa wakapewa paka. Hapo ndipo alipoanza kusema kwamba maumivu ni zawadi, jambo ambalo sisi tunaohubiri juu ya mateso tungefanya vizuri kulitafakari kabla ya kupanda mimbarini. Tukisoma Injili ya wakoma huwa tunafikiria ngozi, kumbe balaa lilikuwa kutosikia.

Kutoka kwa wenye ukoma ikaja tiba ambayo hadi leo imeshinda nyingi. Kama kidonda cha unyayo kinatokana na kukanyagwa bila kusikia, basi dawa yake ya kwanza ni kutokikanyaga. Mguu unafungwa plasta ngumu, ile wanayofungwa waliovunjika mfupa, ikiwa imeumbwa kuufuata mguu wenyewe ili uzito usambae badala ya kuangukia sehemu moja. Mgonjwa anatembea, kidonda kinapumzika. Brand aliitumia India, kisha kwenye hospitali ya wenye ukoma ya Carville, Marekani, alikohamia mwaka 1966, na kutoka huko ikawafikia wenye kisukari.

Je, tunajuaje kwamba inafanya kazi, na si hadithi nyingine ya "akapona"? Mwaka 2001 David Armstrong na wenzake wa Marekani walichapisha jaribio la wagonjwa 63 wenye vidonda vya unyayo. Waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu: plasta ngumu isiyovuliwa, kiatu kirefu cha tiba kinachovulika, na kiatu nusu. Baada ya wiki 12, kidonda kilikuwa kimefunga kwa karibu asilimia 90 ya waliofungwa plasta. Kwa kiatu kinachovulika ilikuwa asilimia 65, na kwa kiatu nusu asilimia 58.

Hapa wengine walistaajabu, kwa sababu kile kiatu kirefu hupunguza uzito kwenye kidonda vizuri karibu sawa na plasta. Tofauti ilitoka wapi? Mwaka 2003 Armstrong aliwapa wagonjwa 20 vifaa viwili vya kuhesabu hatua, kimoja kiunoni na kingine ndani ya kiatu. Hesabu zilipolinganishwa, ilionekana kwamba kiatu kilivaliwa katika asilimia 28 tu ya mwendo wao wa siku. Walikivaa kwenda kliniki, wakakivua nyumbani. Watafiti wakajaribu jambo rahisi: walichukua kiatu kilekile, wakakizungushia bandeji ili kisivulike. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2005, waliopona kwa wiki 12 walikuwa kama asilimia 83, wakati wenye kiatu cha kuvulika walikuwa 52. Kiatu ni kilekile. Bandeji iliwaondolea tu uamuzi wa kila asubuhi. Tusiwacheke, sisi wenyewe tunajua jinsi maazimio ya Kwaresima yanavyokwenda yakiachiwa hiari ya kila siku, na angalau sisi tukijikwaa tunaumia.

Sasa turudi kwa shahidi wa "alipaka, akapona". Mwaka 1999 David Margolis na wenzake walikusanya makundi ya kulinganisha kutoka majaribio mbalimbali, yaani wagonjwa waliopata matunzo ya kawaida tu bila dawa mpya iliyokuwa inajaribiwa. Kati yao, karibu asilimia 24 walipona ndani ya wiki 12, na karibu 31 ndani ya wiki 20. Kwa maneno mengine, chukua wagonjwa kumi, wape matunzo ya kawaida, na wawili au watatu watapona katika miezi mitatu. Ukiwa umewapaka majivu ya mgomba pamoja na matunzo hayo, utakuwa na mashahidi wawili au watatu wa majivu ya mgomba, nao watasema kweli kabisa juu ya walichokiona. Wale saba hawatasimama kanisani kushuhudia.

Mkoa wetu uliliona hili kwa ukubwa wake mwaka 2011, maelfu kwa maelfu walipopanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila kwa shilingi 500. Kisukari kilitajwa miongoni mwa magonjwa yanayoponywa. Mzee yule alifariki mwaka 2021, na hatuandiki kumdhihaki. Hakujitajirisha kama wengine tunaowasikia siku hizi. Tunachosema ni kwamba foleni, hata ikiwa ya kilomita nyingi, haina kundi la kulinganisha.

Na asali? Hili ndilo gumu zaidi, kwa sababu asali si upuuzi. Inazuia bakteria, na kwa vidonda vya kuungua visivyo virefu ushahidi wake ni mzuri. Kwa mguu wa kisukari lipo jaribio la Pakistani lililochapishwa mwaka 2015, lenye wagonjwa zaidi ya 300: waliofungwa bandeji za asali walipona kabisa kwa asilimia 76, na wa maji ya chumvi kwa 57. Mtu angesema basi, shauri limekwisha. Lakini kikundi cha kimataifa cha wataalamu wa mguu wa kisukari, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, kinashauri asali isitumike kwa kusudi la kuponyesha vidonda hivi. Kinaangalia majaribio yote kwa pamoja, na mengi yana kasoro: ni madogo, au anayepima kidonda anajua nani amepakwa nini, na macho yake yanaona anachotarajia. Kwa maoni yetu uamuzi huo ni mkali kidogo, lakini ni wa haki. Na asali ya majaribio ni iliyosafishwa kitabibu, si ya chupa ya barabarani ambayo hatujui imechanganywa na nini.

Ipo bandeji iliyopita mtihani mgumu zaidi, yenye dawa iitwayo sukrosi oktasalfeti. Wagonjwa 240 katika hospitali 43 za nchi tano za Ulaya walishiriki. Si mgonjwa wala daktari aliyejua nani ana bandeji ya dawa na nani hana. Matokeo ya mwaka 2018: asilimia 48 walipona kwa wiki 20, dhidi ya 30. Ni hatua kubwa, ila hata hapo zaidi ya nusu hawakupona katika muda huo. Dawa isiyoshindwa kabisa bado hatujaisoma popote.

Mwenzetu mmoja aliuliza darasani kama ni halali kupiga kura juu ya mgonjwa, huyu apate na yule akose. Ni halali pale tu ambapo wataalamu kwa kweli hawajui ipi ni bora, na pale ambapo hata wa kundi la kulinganisha anasafishwa kidonda, anapunguziwa uzito na kutibiwa maambukizi. Papa Pio XII, akizungumza na madaktari Septemba 1952, alikumbusha kwamba daktari ana mamlaka juu ya mgonjwa kwa kadiri tu mgonjwa mwenyewe anavyompa. Hapa nchini utafiti wa namna hii lazima upitiwe na NIMR, na wa dawa na vifaa tiba na TMDA pia, na mgonjwa ana haki ya kueleweshwa kwa lugha anayoijua kabla ya kutia sahihi. Mwanaparokia akiombwa kushiriki utafiti, aulize maswali yote. Kukataa hakumpunguzii haki ya kutibiwa.

Lakini plasta ile ya Marekani haikujaribiwa kwenye tope la masika la Ngaramtoni, wala kwa mama anayeshuka na ndizi kichwani. Tena haimfai kila mtu: kidonda chenye maambukizi makali, au mguu usiopata damu, hauwezi kufungiwa tu gizani. Ndiyo maana daktari hupapasa mapigo ya mguu kwanza. Abbas na Karel Bakker wa Uholanzi walianza na mambo haya ya msingi walipoendesha mradi wa kufundisha timu za daktari na muuguzi kutoka mikoa mbalimbali ya Tanzania, na ripoti yao ya mwaka 2011 ilionyesha kwamba mafunzo hayo yaliokoa miguu. Mwongozo wa kimataifa nao unakubali vipande vya sponji na kitambaa kizito, pamoja na kiatu kinachofaa, pale ambapo hakuna kingine.

Kwa hiyo siku hizi, tukimtembelea mwenye kisukari, tunaomba kuona nyayo. (Miguu kumi na miwili ya Alhamisi Kuu haitufundishi kitu, huja imeshasuguliwa nyumbani.) Tunamuuliza kama ana ganzi, na tunatia mkono ndani ya kiatu chake kutafuta mawe. Tukikuta weusi, harufu, uvimbe au wekundu unaopanda, hatusubiri tarehe ya kliniki: ni hospitali siku hiyohiyo, hata kama yeye anasema haumi. Hasa akisema haumi. Na kwa mzee anayeishi peke yake, asiyeweza kuinama, tunamwachia kioo kidogo cha mfukoni, akilaze sakafuni na kupitisha unyayo juu yake kila jioni kabla ya Rozari.