Insulini ya Mbwa na Bomba Lake la Sindano
Mbwa mwenye kisukari kwa kawaida huchomwa insulini mara mbili kwa siku, pamoja na chakula. Hatari hujificha katika bomba la sindano, hasa nyumbani ambamo binadamu naye hutumia dawa hiyo. Insulini ya mbwa aghalabu huwa na yuniti 40 kwa mililita; ya binadamu, 100. Insulini ya 100 ikivutwa kwa bomba la 40 hadi alama ya 10, mnyama hupata yuniti 25, kiasi kinachoweza kumuua. Namba ya chupa na ya bomba sharti zilingane. Mbwa akitetemeka au kuyumba, apakwe asali kwenye fizi, kisha apelekwe haraka kwa daktari wa mifugo. Akikataa kula, daktari huyo aulizwe kabla ya kumchoma.