Muda Mfu Ndani ya Inveta

Inveta, yaani chombo kinachogeuza umeme wa mkondo mnyoofu kuwa wa mkondo geu ili kudhibiti kasi ya mota, kwa kawaida huwa na jozi tatu za transista, moja kwa kila fezi. Katika kila jozi, transista ya juu na ya chini hazipaswi kamwe kuwaka kwa pamoja, kwani zikiwaka hivyo umeme hupita moja kwa moja kutoka ncha chanya hadi hasi na kuziunguza. Kwa kuwa transista haizimiki papo hapo inapoamriwa, kidhibiti huizima moja, husubiri mikrosekunde chache, ndipo huiwasha nyingine. Kipindi hicho ndicho muda mfu.

Muda huo ni mdogo mno, lakini hujirudia bila kukoma. Katika inveta yenye volti 560 za mkondo mnyoofu, inayowasha na kuzima mara 10,000 kwa sekunde na kusubiri mikrosekunde 3 kila zamu, hitilafu ya wastani hufikia takribani volti 17. Mota inapopewa volti 230 kwa kila fezi, kwa hezi 50, kasoro hiyo haionekani sana. Ikishushwa hadi hezi 1 kwa uwiano uleule, volti zinazoagizwa hazifiki 5, na hitilafu huzidi agizo lenyewe. Hapo wimbi la mkondo hulala bapa kila linapovuka sifuri, na shafti hutetemeka mara sita katika kila duru ya wimbi.

Transista zote mbili zinapozimwa, mkondo haukatiki, kwa sababu koili za mota huuzuia usibadilike ghafla. Hupitia dayodi iliyounganishwa sambamba na transista ya chini ukiwa unaelekea kwenye mota, na ile ya transista ya juu ukiwa unarudi. Hali ya kwanza hupunguza volti, ya pili huziongeza, na fidia ni kurefusha au kufupisha muda wa kuwaka kwa kadiri hiyohiyo. Hesabu hiyo ni nyepesi. Kazi ngumu hasa ni kuutambua mwelekeo wa mkondo karibu na sifuri, ambako mawimbi madogo ya kuwasha na kuzima, pamoja na vurugu za kihisi, huubadilisha mara kwa mara. Ndiyo maana fidia iliyosanifiwa vyema hupungua taratibu kadiri mkondo unavyokaribia sifuri, kwa kuwa fidia kamili inayotolewa kwa mwelekeo usio sahihi huiongeza hitilafu maradufu.